Joto Halizimwi, Linahamishwa: Kuielewa Laptopu ya Gemu Katika Hewa ya Mtwara

Januari, saa tisa alasiri, Shangani. Upepo umelala, bati linakipasha chumba kama tanuri, na kijana wa nyumba ya tatu anabisha hodi akiwa ameikumbatia laptopu yake kama amebeba mtoto mwenye homa.

"Shikamoo kaka. Naomba uniangalizie, inakufa hii."

Skrini inaonyesha programu ya kupima joto na namba nyekundu: 97. Asubuhi alikuwa kwa fundi mmoja, akaambiwa prosesa imeanza kuungua, bora aiuze ikiwa bado inawaka. Rafiki yake amemshauri aiweke kwenye friji dakika kumi kabla ya kila mechi. Mwingine amemwambia ajutie tu pesa yake, laptopu za gemu ni za watu wa nchi za baridi, Mtwara haziwezi.

Wote watatu wamekosea, ingawa huyo wa mwisho kuna kweli ameigusa kwa ncha ya kidole.

Mashine hizi kwetu hazinunuliwi kwa chenji iliyobaki. Ni pesa ya korosho ya babu, ni mkopo wa mama kutoka kikoba, ni miezi ya kujinyima. Mtu kuiuza kwa bei ya kutupa kwa sababu ya namba ambayo hakuna aliyemweleza maana yake ni hasara inayoniuma hata kama si yangu. Kwa hiyo tuifuate namba hiyo taratibu, kuanzia joto linapozaliwa hadi linapotoka dirishani.

Joto linazaliwa wapi

Prosesa ni kipande cha silikoni kinachofanya hesabu zote za kompyuta. Kadi ya grafiki ni ndugu yake, kazi yake ni kuchora unachokiona: nyasi za uwanja, moshi wa bomu, jezi za wachezaji. Kwenye laptopu ya ofisini kazi ya kuchora ni ndogo, kwa hiyo mara nyingi ndugu huyo amewekwa ndani ya prosesa ileile. Laptopu ya gemu inao wote wawili, kila mmoja na chipu yake, na wote wanakula umeme kwa pupa.

Umeme wanaokula hauendi popote. Karibu wote unageuka joto. Chukua prosesa ya Intel iitwayo Core i7-12700H: kiwango chake cha msingi ni wati 45, lakini ikiachiwa ikimbie kwa nguvu zote inaweza kufika wati 115. Ongeza kadi ya grafiki ya wati 80 au 100, na una karibu wati 200 ndani ya boksi lenye unene wa kidole gumba.

Mtu atasema wati 200 si kitu, pasi ya nyumbani inafika 1,000. Ni kweli, ila tazama eneo. Pasi inalisambaza joto lake kwenye bamba zima la chini, karibu ukubwa wa kiganja pamoja na vidole vyake. Prosesa inalitoa lake kwenye sehemu ya ukubwa wa ukucha. Ukigawanya joto kwa eneo, prosesa iliyo kazini inaizidi pasi mara kadhaa. Na juu yake kuna kibodi tunayotaka kuigusa kwa vidole bila kuungua.

Safari ya joto

Kosa linalozaa makosa mengine yote ni kudhani feni ya laptopu inatoa baridi. Ndani ya laptopu hakuna kitu chochote kinachotengeneza baridi. Haina gesi kama friji, haina kompresa kama kiyoyozi. Joto likishazaliwa kwenye chipu, njia pekee ni kulibeba na kulitoa nje, kama watu wanaopokezana ndoo za maji kutoka kisimani. Mpokeaji mmoja akilegea, ndoo zinarundikana kwa aliye nyuma yake. Namba unayoisoma kwenye skrini ni urefu wa rundo hilo.

Mpokeaji wa kwanza ni pesti, ile grisi ya kijivu au nyeupe ambayo fundi anaipaka kati ya prosesa na bamba la shaba. Wengi wanaiita dawa ya kupoza, lakini haipozi chochote. Uso wa chipu na uso wa shaba unaonekana laini kama kioo, kumbe una vilima na mabonde madogo yasiyoonekana kwa macho, na ukiziweka nyuso hizo pamoja zinagusana sehemu chache tu. Katikati inabaki hewa. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo hewa kidogo hapo ni ukuta. Pesti inaifukuza hewa na kukaa mahali pake, basi. Ndiyo maana pesti nyingi si bora kuliko ya kutosha: ikizidi, yenyewe inakuwa tabaka nene la kuvukwa. Ndiyo maana pia dawa ya meno, ambayo kuna watu wanaiapia, inaonekana kufanya kazi siku za mwanzo. Inafukuza hewa kweli. Kisha maji yake yanakauka, inapasuka kama tope la kiangazi, na hewa inarudi.

Kutoka kwenye bamba joto linaingia kwenye mabomba ya shaba yaliyobapwa, na hapa kuna ufundi ninaoupenda kuliko yote ndani ya mashine hii. Ukilishika bomba hilo utadhani ni shaba tupu. Ndani yake kuna uwazi, na humo kuna maji kidogo sana, huku hewa ikiwa imenyonywa. Bila mgandamizo wa hewa, maji hayangoji nyuzi 100 ili yachemke. Yakipashwa na prosesa yanageuka mvuke mara moja, mvuke unakimbilia ncha ya pili ambako kuna ubaridi kidogo, unagonga ukuta na kugeuka maji tena, kama unavyouona mfuniko wa sufuria ya wali ukitoa matone. Joto ulilobeba unaliacha hapo. Maji yanarudi yalikotoka kwa kupanda kwenye nyavu au unga wa shaba uliobandikwa ndani ya bomba, vilevile utambi wa kibatari unavyopandisha mafuta ya taa. Halina pampu wala kifaa kinachozunguka. George Grover wa maabara ya Los Alamos, Marekani, ndiye aliyelitengeneza na kulipa jina mwaka 1963, na mabomba ya aina hiyo yakaja kutumika kwenye vyombo vya angani kabla ya kufika mapajani mwetu. Fundi akilipinda vibaya au kulitoboa, mvuke unatoroka na unabaki na kipande cha shaba tu. Ukiona mtu analinyoosha kwa koleo, mzuie.

Mwisho wa bomba kuna mapezi. Ni vibati vyembamba vilivyopangwa kwa karibu kama mapezi na mashavu ya samaki, na sababu ni ileile ya samaki: eneo kubwa ndani ya nafasi ndogo. Feni inavuta hewa kutoka chini ya laptopu, inaisukuma kupita katikati ya mapezi, na hewa hiyo inatokea nyuma au ubavuni ikiwa ya moto. Hapo ndipo joto linapokabidhiwa kwa chumba chako.

Kwenye laptopu nyingi za gemu prosesa na kadi ya grafiki wanatumia mabomba hayohayo. Kadi ikichemka, prosesa inapokea joto la ndugu yake hata kama yenyewe haina kazi kubwa. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu lina faida.

Chumba cha Mtwara si chumba cha kwenye video

Sasa tuje kwa yule rafiki aliyesema mashine hizi ni za nchi za baridi. Hewa inayoingia haiwezi kuipoza prosesa ikawa baridi kuliko hewa yenyewe. Kila kitu kinaanzia kwenye joto la chumba, na mashine inapanda juu ya hapo. Tuseme laptopu fulani, ikicheza gemu fulani, inapanda nyuzi 60 juu ya chumba. Anayeipima kwenye chumba cha nyuzi 22 huko Ulaya ataandika 82. Mashine ileile, nzima kabisa, kwenye chumba cha nyuzi 33 chini ya bati lisilo na dari pale Chikongola, itaandika 93. Hakuna kilichoharibika. Ni hesabu ya kujumlisha.

Kwa hiyo ukiangalia video ya mtu anayejisifu kuwa yake haizidi 80, kwanza jiulize chumba chake kina nyuzi ngapi. Ukipanda nayo Newala, kule juu kwenye uwanda wa Makonde ambako usiku wa Julai unatafuta blanketi, utaona imeshuka nyuzi kumi na kitu bila kuguswa na fundi. Si hesabu kamili hadi nukta, lakini inakaribia vya kutosha kukuepusha na hofu.

Unyevu ndio unaolaumiwa bure. Watu wanasema hewa ya pwani ni nzito, ina maji, haipozi. Kwetu sisi binadamu ni kweli, kwa sababu tunapozwa na jasho linalokauka, na hewa iliyojaa unyevu inakataa kulikausha. Laptopu haitoi jasho. Mapezi yake yanataka hewa inayopita tu, na hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu inachukua joto karibu sawa na hewa kavu ya nyuzi 30. Unyevu wa pwani una madhara mengine, nitayasema, ila si hilo.

97 ni homa?

Tumezoea vipimajoto vya hospitali, ambako 37 ni uzima na 40 ni kukimbiza mtu hospitali ya Ligula. Ndiyo maana 97 inatisha. Lakini silikoni si nyama. Prosesa nyingi za Intel za laptopu zimewekewa mpaka wa nyuzi 100, za AMD nyingi ziko kati ya 95 na 105 kutegemea toleo, na kadi za NVIDIA za laptopu mara nyingi huanza kujibana karibu na 87. Watengenezaji wengine wa laptopu husogeza mpaka chini nyuzi chache kwa usalama. Ndiyo iliyokuwa hali ya kijana wetu: mashine yake imewekewa 97, ikafika hapo na kukaa hapohapo.

Ikigusa mpaka, prosesa haiungui. Inajibana. Inapunguza kasi ya mapigo yake, ambayo hupimwa kwa gigahetsi, ikila umeme kidogo zaidi hadi joto lisizidi. Ikishindwa hata hapo, inajizima ghafla ili isiungue. Kinga hii iko ndani ya chipu yenyewe na haingoji ruhusa ya Windows. Prosesa iliyokufa kwa joto la gemu peke yake ni kitu adimu sana, na fundi anayesema "imeanza kuungua" wakati mashine inawaka na kucheza hajaipima.

Kwa hiyo ukiona namba ya joto, usiisome peke yake. Isome pamoja na kasi. Programu kama HWiNFO, ambayo ni ya bure, inakuonyesha zote mbili. Prosesa ya kijana yule ina kasi ya msingi ya gigahetsi 2.6. Alipokuwa kwenye gemu, ikiwa 97, kasi ilikuwa 2.2. Hapo ndipo nilipojua kuna tatizo: mashine haikuweza kushika hata mwendo wake wa kawaida wa kutembea. Ingekuwa 93 ikikimbia 3.8, ningemwambia arudi nyumbani akacheze.

Kujibana huku ndiko kunakoleta ile hali ya gemu kwenda vizuri dakika kumi, kisha kuanza kukwamakwama, kisha kurudi, kisha kukwama tena. Wengi wanalaumu bando. Kwenye gemu isiyotumia intaneti, bando halihusiki.

Sijasema joto halina madhara. Linayo, ila kwa wengine. Betri ya lithiamu inazeeka haraka ikikaa kwenye joto, hasa ikiwa imejaa asilimia 100 muda wote huku chaja imechomekwa. Huyo ndiye mgonjwa wa kumhofia, kwa sababu anaweza kuvimba na kuinua padi ya kugusia. Watengenezaji wengi siku hizi wameweka mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 hivi. Kama laptopu yako inao, uwashe leo. Na betri ikishavimba, acha kuitumia mashine siku hiyohiyo, usiibonyeze wala kuitoboa.

Kusoma ugonjwa kwa mwendo wake

Kabla ya kumlipa mtu, washa programu ya kupima, fungua gemu, kisha tazama namba inavyopanda. Njia yake ya kupanda inasema mengi kuliko namba yenyewe.

Ikiruka kutoka 50 hadi 95 ndani ya sekunde moja au mbili, na ukifunga gemu ikaanguka vivyo hivyo kwa ghafla, joto linakwama mlangoni kabisa. Halifiki hata kwenye bomba. Mara nyingi ni pesti iliyokauka au bamba lisilobana vizuri, labda fundi aliyepita alisahau skrubu moja. Dalili nyingine ni upepo unaotoka nyuma kuwa vuguvugu tu wakati prosesa inasoma 95.

Ikipanda polepole, dakika kumi au kumi na tano, hadi kufika mpaka, na upepo unaotoka ni mkali wa moto lakini ni mchache, pesti yako ni nzima. Kilichokwama ni hewa: vumbi, tundu zilizozibwa, au chumba chenyewe.

Na kama iko 75 wakati hujafungua kitu, tazama kwanza ni programu gani inafanya kazi kwa siri. Nimeshakuta mashine inayolalamikiwa joto, kumbe Windows inapakua masasisho nyuma ya pazia.

Kuna jambo moja halihusiani na joto na linawachanganya watu wa huku kila siku. Umeme ukikatika katikati ya mechi, gemu linapoteza kasi palepale. Betri haiwezi kutoa wati ambazo chaja inatoa, kwa hiyo mashine inajipunguza yenyewe. Chaja ya kuazima yenye wati pungufu inaleta hali hiyohiyo. Hapo usibadilishe pesti.

Mambo ya kufanya, kuanzia yasiyo na gharama

Laptopu inavuta hewa kwa tumbo. Ukiiweka kwenye godoro, umeikaba pua. Ukiiweka mapajani juu ya khanga, khanga inanyonywa na kuziba tundu. Meza ngumu ndiyo dawa ya kwanza, na ukiinua nyuma kwa vizibo vya chupa za maji, viwili viwili kila kona, hewa inapata njia pana na namba mara nyingi inashuka nyuzi kadhaa. Stendi zenye feni zinasaidia pale feni zake zinapolingana na tundu za laptopu. Zisipolingana, umenunua stendi ya kuinulia, na vizibo vingekufikisha hapohapo.

Jambo la pili linahusu kasi, na hapa boda anatufundisha vizuri. Pikipiki kutoka mwendo wa 40 kwenda 60 inaongeza mafuta kiasi. Kuisukuma kutoka 80 kwenda 100 inakula mafuta mengi mno kwa nyongeza ileile ya 20. Prosesa ni hivyo. Ili ikimbie hatua za mwisho inahitaji volti zaidi, na umeme unaoliwa hupanda kwa mraba wa volti: ukiongeza volti kidogo, joto linaongezeka sana. Hatua hizo za mwisho huitwa kasi ya ziada, na gemu nyingi hazizihitaji kwa sababu anayechelewesha ni kadi ya grafiki. Kwenye mipangilio ya nishati ya Windows kuna sehemu ya hali ya juu kabisa ya prosesa. Ukiiteremsha kutoka asilimia 100 hadi 99, kwenye mashine nyingi kasi ya ziada inazimika. Nimeona joto likishuka nyuzi 15 na picha zikibaki zilezile. Kuna laptopu ambazo sehemu hiyo imefichwa, na kuna gemu chache za hesabu nyingi ambazo zitapungua kasi, kwa hiyo jaribu na uone. Ni rahisi kurudisha.

Hapa ndipo yale mabomba ya pamoja yanapotufaa. Kama skrini yako inaonyesha picha 60 kwa sekunde, kadi inayochora 110 inachemka kwa kazi ambayo macho yako hayaipati. Weka kikomo cha 60 ndani ya gemu. Kadi itatulia, bomba litapumua, na prosesa nayo itashuka ingawa hukuigusa.

Kupunguza volti kwa programu lilikuwa jambo la kawaida, ila baada ya Desemba 2019, watafiti walipoonyesha kuwa udhibiti huo wa volti kwenye prosesa za Intel unaweza kutumiwa kuvunja usalama, laptopu nyingi zilifungiwa nafasi hiyo kupitia masasisho. Ukijaribu na ikakataa, si kosa lako.

Kisha vumbi. Linajikusanya mahali pasipoonekana kwa nje, kati ya feni na mapezi, likashikana kuwa zulia dogo. Hewa yetu ya bahari ina chumvi na unyevu, kwa hiyo vumbi linanata, na chumvi hiyo inakula vyuma taratibu. Ukipuliza kwa mdomo unaongeza mate. Ukipuliza kwa blowa kutoka nje unalirudisha zulia ndani kwenye feni, na feni inayozungushwa kwa nguvu na blowa inaweza kuharibika. Njia salama ni kuizima, kufungua kifuniko cha chini, kuchomoa waya wa betri, kuishika feni isizunguke, kulitoa zulia kwa brashi laini, ndipo upulize kilichobaki. Kama hujawahi kufungua, mpe anayejua na uwe umekaa hapo unatazama. Na kabla hajagusa pesti, mwambie aangalie kwanza imewekwa nini: baadhi ya laptopu, zikiwemo ASUS ROG nyingi tangu 2020, zina metali iliyo katika hali ya majimaji badala ya pesti. Inapitisha umeme, na tone lake likidondokea pasipo pake linaweza kuua ubao mama, ule unaobeba chipu zote.

Kuhusu friji, naomba tuelewane. Toa soda kwenye friji, iweke mezani hapa Mtwara, ihesabie dakika mbili. Chupa inatoka jasho. Maji yale hayakutoka ndani ya chupa, yametoka hewani, kwa sababu hewa yetu imejaa unyevu na ikigusa kitu baridi inautema. Laptopu uliyoitoa kwenye friji inatoka jasho hilohilo, ndani, juu ya ubao wenye umeme. Hata kiyoyozi kina mtego wake: mashine iliyolala kwenye chumba cha nyuzi 20 ukaitoa barazani mchana wa Januari inaweza kulowana kwa namna hiyo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa, ipate joto la nje polepole, ndipo uiwashe. Chupa ya barafu chini ya laptopu na kitambaa kibichi juu yake viko kwenye fungu moja na friji.

Ya kijana wa nyumba ya tatu

Tuliitazama inavyopanda. Ilichukua dakika kumi na mbili kufika 97, na upepo wa nyuma ulikuwa wa moto lakini mwembamba kama pumzi ya mtu aliyelala. Tukajua ni hewa. Tulipoifungua, mapezi yalikuwa yamezibwa na zulia la kijivu lenye unjano ndani yake. Nikamuuliza anaichezea wapi. Akasema likizo ya Juni hadi Agosti alikuwa Tandahimba kwa babu yake, anacheza barazani, mikorosho ikipuliziwa salfa mita chache kutoka pale. Unga ule wa njano unaotibu ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, unasafiri na upepo, na laptopu ilikuwa inauvuta saa nne kwa siku. Salfa na shaba hazikai pamoja kwa amani: ncha za bomba zilishaanza kuwa nyeusi. Haikuwa mbaya, ila ningesikitika kuiona baada ya msimu wa pili.

Tulisafisha kwa brashi ya kupakia rangi, mpya, ya inchi moja. Pesti hatukuigusa. Alasiri ya kesho yake, kwenye meza, nyuma imeinuliwa kwa vizibo, chumba kikiwa na joto lilelile, gemu lilelile lilikaa 88 kwa saa nzima na kasi ikawa 3.4. Alipoweka kikomo cha picha 60, ikashuka hadi 81.

Aliniuliza kama ashushe zaidi. Nikamwambia haina haja. Tumekubaliana ataileta tena Septemba, salfa ikishatulia, na likizo ijayo kwa babu atacheza ndani, dirisha la upande wa mikorosho likiwa limefungwa.